UKOGA WA KAHAWIA KATIKA BIRIKA NA TANGI LA SAMAKI



Hakuna aliyelelewa Siyu asiyelijua birika. Ukiingia kuoga au kutawadha unachota maji kwa kata, na kama birika halijasuguliwa siku nyingi, vidole vikigusa ukuta vinateleza. Ukivitazama utaona vimepakwa kitu cha rangi ya kahawia, laini mithili ya unga wa mdalasini uliorowa. Huo ndio ukoga tutakaouzungumzia hapa. Wenzetu waliojaliwa kuwa na tangi la kioo la samaki sebuleni, iwe hapa kwetu, Lamu au Mombasa, wanaujua zaidi, manake kwao unatanda kioo kizima hata samaki hawaonekani.

Mtu atauliza, "Ukoga nao ni jambo la kuandikiwa makala?" Naam, ni jambo! Mtu akiuchukia ukoga bila kuuelewa, hukimbilia dawa. Akitia dawa, ukoga unakufa na samaki nao wanakufa. Samaki wakifa, mbu hushangilia. Na mbu wa birikani si wa kuchezewa, kama tutakavyoona. Basi tufuatane pole pole.

BIRIKA NDILO TANGI LETU LA SAMAKI

Wengi hudhani kufuga samaki ndani ya nyumba ni mtindo uliokuja na Wazungu. La hasha! Kisiwa chetu cha Pate hakina mto hata mmoja, na visima vingi maji yake ni ya chumvichumvi. Kwa hivyo wazee wetu waliyathamini maji ya mvua kama dhahabu. Waliyakinga katika majabia, yaani matangi makubwa ya mawe na chokaa, na ndani ya nyumba wakajenga birika la kuogea na kutawadhia. Humo birikani wakatia visamaki vidogo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Sakafuni mwa birika fundi alijengea bakuli la kauri, aghalabu la kutoka Uchina. Bakuli hilo halikuwa la urembo tu. Maji yakipungua, au birika likitolewa maji lisafishwe, bakuli hubaki na maji yake na samaki hukimbilia humo wakasalimika. Mabirika ya namna hii yalikuwa sehemu ya nyumba za kale za mawe katika mji wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukitafakari utaona kuwa aliyebuni bakuli lile alijua mambo mawili: birika lazima lisuguliwe, na samaki lazima waishi. Makala haya yote yamesimama juu ya mambo hayo mawili.

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, hebu tuonje lugha kidogo. Birika la maji na birika la chai yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini asili zao ni mbili. La maji limetokana na neno la Kiarabu "birka", lenye maana ya kidimbwi. La chai limetokana na "ibriq", yaani chombo cha kumiminia. Jirani zetu Wasomali wana "barkad", ambalo ni ndugu wa birika letu la maji. Katika miaka ya 1980, kaskazini mwa Somalia, wataalamu wa afya walitia samaki wa jamii ya perege katika barkad hizo za kukingia mvua ili kupambana na malaria. Samaki hao, ambao jina lao la kisayansi ni Oreochromis spilurus, wanapatikana pia katika mito ya Kenya. Kumbe hekima ya wazee wetu ilithibitishwa na wataalamu!

UKOGA HUU NI NINI HASA?

Ukiutazama kwa macho utadhani ni tope. Ukiutazama kwa hadubini katika maabara utashangaa. Utaona vijimea vidogo sana, kila kimoja kikiwa ni seli moja tu, vingine vina umbo la mtumbwi, vingine la duara kama sahani. Vijimea hivyo huitwa daiatomu. Kila daiatomu imejijengea gamba la silika, na silika ndiyo mali ghafi ya kioo, ndiyo pia iliyojaa katika mchanga. Yaani kila kijimea kinaishi ndani ya kijumba cha kioo!

Rangi ya kahawia inatokana na nini? Daiatomu zina klorofili ya kijani kama majani ya mpera, lakini zina na rangi nyingine ya hudhurungi inayoifunika ile ya kijani. Rangi hiyo hiyo imo katika mwani wa kahawia unaotupwa na mawimbi ufukweni. Ndiyo sababu watu wengi huuita ukoga wa tangini "mwani wa kahawia", ingawa daiatomu si mwani ule wa baharini.

Wala tusizilaani daiatomu. Wanasayansi wanakadiria kuwa kiasi cha moja kwa tano ya oksijeni inayotengenezwa duniani hutokana nazo, nyingi zikiwa baharini. Hazina sumu kwa samaki wetu wa nyumbani, na samaki wengine huzila. Ubaya wake ni zikizidi.

Ni muhimu pia kuzitofautisha na ndugu zake. Fanya hivi: pitisha kidole ukutani. Kikitoka kitu cha kahawia kirahisi kama vumbi lililorowa, hizo ni daiatomu. Kikiwa cha kijani na kimeng'ang'ania hata unalazimika kukikwaruza, huo ni mwani wa kijani, dalili ya jua jingi. Kikitoka utando wa kijani kilichoiva kuelekea weusi, unaobanduka kama ngozi na kunuka, hao ni bakteria wa kijani-buluu. Hao baadhi yao wana sumu, na maji yake yasitumiwe. Yamwagwe na birika lisuguliwe.

UNALETWA NA NINI?

Ukoga hauji kwa uchawi wala kwa husuda ya jirani. Unahitaji vitu vitatu, na tukivijua tutajua pa kuushikia.

Kwanza, silika. Maji ya mvua yakishuka kutoka angani hayana silika ya maana. Lakini yakipita kwenye paa lenye vumbi, au yakichotwa kisimani baada ya kupenya mchangani, huja nayo. Saruji na mchanga mpya navyo huachia silika. Ndiyo maana birika lililopigwa lipu juzi, au tangi la kioo lililowekwa mchanga mpya, huota ukoga wa kahawia katika wiki za mwanzo. Mara nyingi baada ya mwezi mmoja au miwili ukoga huo hupungua wenyewe, silika ikishatumika. Mwenye tangi jipya asiwe na pupa.

Pili, chakula. Samaki akila hutoa kinyesi na amonia. Bakteria wazuri walio ukutani huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Naitreti ni mbolea, na mbolea haichagui: hulisha ukoga kama inavyolisha mchicha. Ukitupa mkate au wali ndani ya birika "ili samaki wale", kile wasichokila kinaoza na kuwa mbolea vile vile. Majani yaliyoangukia jabiani na vinyesi vya ndege juu ya paa navyo vimo katika hesabu hiyo.

Tatu, mwanga. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Daiatomu huridhika na mwanga hafifu. Chumba cha kuogea chenye kidirisha kimoja kidogo kinazifaa kabisa. Jua kali likiingia, mwani wa kijani hupata nguvu na kuzipiku. Kwa hivyo mtu asiseme, "Nitaliweka tangi juani ukoga ukauke." Atautoa wa kahawia na kuukaribisha wa kijani, na samaki watachemka bure.

YALIYOTUKIA LAMU MWAKA 2004

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kilipatwa na ugonjwa wa chikungunya. Watu walishikwa na homa kali na maumivu ya viungo, mtu mzima akashindwa hata kusimama kuswali. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyokunjika kwa maumivu, kwani ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Watafiti waliopima damu za wakaazi wa Lamu baadaye walikadiria kuwa kiasi cha asilimia 75 ya watu walikuwa wameambukizwa. Robo tatu ya watu! Kutoka pwani yetu ugonjwa ukafika Komoro mwaka 2005, kisha visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, hadi India.

Kitu gani kiliuchochea? Wataalamu waliotazama hali ya hewa walieleza kuwa ulikuwa wakati wa joto na ukame usio wa kawaida. Mtu wa bara angeshangaa: mbu na ukame wapi na wapi? Lakini sisi watu wa visiwani tunaelewa. Mvua isiponyesha, watu huweka akiba ya maji majumbani, na maji hayo hukaa muda mrefu bila kubadilishwa wala chombo kusafishwa. Mbu aenezaye chikungunya na homa ya dengi, aitwaye Aedes aegypti, hapendi vinamasi. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya nyumba: pipa, mtungi, ndoo, birika. Tena huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu.

Na hapa ndipo ukoga na mbu wanapokutana. Mbu huyu hatagi mayai katikati ya maji. Huyabandika ukutani, kidogo tu juu ya usawa wa maji, pale pale penye unyevu na ukoga. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingojea maji yapande. Viluwiluwi wakitoka, miongoni mwa vyakula vyao ni vijimea vidogo na bakteria walio katika ukoga. Samaki atawala viluwiluwi, lakini yai lililobandikwa ukutani juu ya maji halifikii. Yai hilo linatolewa na kitu kimoja tu: mkono wenye burashi.

Umeona, ndugu msomaji? Anayesugua ukoga anasugua na mayai ya mbu. Samaki anashughulika majini, burashi inashughulika ukutani. Kimoja bila kingine hakitoshi.

NJIA ZA KUUPUNGUZA

Zifuatazo ni njia ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia, awe na fedha au asiwe nazo.

1. Sugua kila wiki. Chukua burashi ngumu au kipande cha kumbi la nazi, usugue ukuta kuanzia kiganja kimoja juu ya usawa wa maji kwenda chini. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu katika joto letu, tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kiasi cha siku saba hadi kumi tu. Neno ukoga tunalitumia pia kwa uchafu wa meno, na mfano unafaa: anayepiga mswaki kila siku hana kazi kubwa, anayengoja mwezi mzima ataumia.

2. Toa uchafu ulioanguka. Ukishasugua, subiri uchafu utulie chini, kisha uvute kwa mpira mwembamba wa maji ukiuteremsha kwenye ndoo iliyo chini. Maji hayo usiyamwage ovyo, yamwagie mgomba au mchicha, manake yana mbolea. Katika ukame hakuna tone la kupotea.

3. Badilisha maji kidogo kidogo. Robo ya maji inatosha kwa mara moja. Ukibadilisha yote kwa ghafla, samaki hushtuka kwa tofauti ya joto na ya chumvi, hasa ukitoka maji ya mvua ukaingia ya kisima.

4. Wakati wa kusafisha kabisa, kabla ya mvua za masika na za vuli, tumia bakuli kama wazee. Birika likiwa halina bakuli, waweke samaki katika beseni pana lenye maji yale yale ya birika, mahali penye kivuli. Wasikae humo kutwa, kwani maji machache hupata joto haraka na hewa yake huisha.

5. Usiwalishe samaki wa birika. Wakiwa wachache watatosheka na viluwiluwi na huo ukoga. Samaki mwenye shibe ya mkate hana haja ya kuwinda.

6. Ziba njia za uchafu. Fagia paa na mifereji kabla ya mvua ya kwanza, na maji ya mwanzo yaache yapite. Kata isiwekwe sakafuni, bali itundikwe. Mikono yenye sabuni isiingizwe birikani. Sabuni huwadhuru samaki.

7. Funika. Pipa na tangi la nje lifunikwe kwa kifuniko au kitambaa chembamba kilichofungwa vizuri, mbu asipite na mwanga upungue.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitie dawa ya klorini katika birika lenye samaki. Kiasi kidogo tu, hata kile kinachofaa kutibu maji ya kunywa, chaweza kuwaua. Maji ya kunywa yachotwe kando, yatiwe katika chombo chake, humo ndimo yatibiwe kwa dawa au yachemshwe. Vile vile usitie mrututu. Ni kweli huua mwani, lakini huua na samaki.

Usilete konokono wa mabwawani. Katika nchi nyingine wafugaji wa samaki hutumia konokono kusafisha matangi. Lakini pwani yetu ina kichocho, na vimelea vyake hupitia katika konokono wa maji baridi. Kwa nini ujiletee ugonjwa ndani ya nyumba?

Usitupe samaki wa birika au wa tangi katika madimbwi na mito. Baadhi yao ni wa kigeni, nao hula mayai na watoto wa samaki wa asili. Kama wamezidi, mgawie jirani ambaye birika lake ni tupu.

Tena kuna swali ambalo wengi wataliuliza: maji yenye ukoga yanafaa kutawadhia? Mashekhe wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu, hufundisha kuwa maji yaliyogeuka kwa kukaa sana, kwa udongo au kwa mwani unaoota humo humo hayapotezi twahara yake. Kwa hivyo hakuna haja ya kuyamwaga maji ya thamani kwa wasiwasi. Lakini kufaa kwa udhu si kufaa kwa kunywa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

KWA WENYE TANGI LA KIOO

Mambo ni yale yale, ila hapa hakuna viluwiluwi, kwa hivyo samaki lazima walishwe. Wape mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki kitoe. Taa isiwashwe zaidi ya saa nane kwa siku, na tangi lisielekee dirisha lenye jua. Mchanga mpya uoshe mpaka maji yatoke meupe. Kioo kifute kwa kitambaa safi kisicho na sabuni, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Ukiweza, tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, kwani silika yake ni chache; lakini yachanganye na maji yaliyomo tangini kidogo kidogo. Kama una chujio, lisuuze kwa maji ya tangi lenyewe, si ya mfereji yenye klorini, usije ukawaua wale bakteria wazuri. Na samaki wasijazane! Tangi dogo lenye samaki wengi ni kiwanda cha mbolea.

HITIMISHO

Siku hizi mabirika ya zamani yanavunjwa, mahali pake panawekwa mapipa na matangi ya plastiki. Hakuna ubaya, nyakati hubadilika. Lakini tumehamisha maji tukawaacha samaki, na burashi tumeisahau. Pipa lisilo na samaki, lisilofunikwa wala kusuguliwa, ni malezi ya mbu.

Basi kila msomaji akifika nyumbani aende atazame chombo cha maji. Apitishe kidole ukutani, hasa pale juu kidogo ya usawa wa maji. Kikitoka na ukoga, amchukue mdogo wake, ashike kumbi la nazi, wasugue pamoja. Na kama kuna mzee nyumbani, amwulize birika la kwao lilikuwaje, samaki walitoka wapi, na bakuli liliwekwa vipi. Majibu yatakayopatikana myalete kwenye mkutano wa Chama, tuyaandike katika toleo lijalo kabla hayajasahaulika.